Lucy Mitchell, aliyewafunza walimu kumtazama mtoto kwanza

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya watoto asubuhi, utaona jambo moja likijirudia. Mama anamvua mtoto nguo, mtoto analia, anawekwa kwenye mzani unaoning'inia, muuguzi anasoma kilo na kuweka nukta kwenye kadi. Kisha anaiunganisha nukta ya leo na ile ya mwezi uliopita. Mama mwenye uzoefu hasubiri hata kuambiwa. Anachungulia mwenyewe aone mstari umepanda, umelala au umeshuka.

Nimeandika habari za afya kwa miaka kadhaa na nimekaa kwenye mabenchi hayo mara nyingi. Ninachokipenda kwenye ile kadi ni kwamba mtoto analinganishwa na yeye mwenyewe wa mwezi jana. Muuguzi mzuri hatoi ushauri wowote kabla hajapima, hajaangalia macho na ngozi, hajamuuliza mama mtoto anakula nini na analala vipi.

Halafu mtoto anatimiza miaka mitano, kadi inawekwa kwenye mkoba wa vyeti, anaanza shule. Huko anakutana na mtu atakayekaa naye saa nyingi kuliko muuguzi, kuliko daktari, na siku nyingine kuliko wewe mzazi. Je, mtu huyo naye amefunzwa kumtazama mtoto kabla ya kuanza kumfundisha?

Swali hilo ndilo lililonifikisha kwa Lucy Sprague Mitchell, Mmarekani aliyefariki mwaka 1967 akiwa na umri wa miaka 89. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kuandaa walimu katika chuo kidogo cha jijini New York kinachoitwa Bank Street, jina la mtaa kilipokuwa. Hapa kwetu wachache wanamjua. Lakini alichokuwa anakidai kwa walimu wake, mzazi yeyote aliyewahi kushika kadi ya kliniki atakielewa bila kufafanuliwa.

Binti aliyemuuguza baba

Lucy alizaliwa mwaka 1878 mjini Chicago. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa bidhaa za vyakula kwa jumla, kwa hiyo shida ya fedha haikuwapo. Shida zilikuwa nyingine. Nyumba ilikuwa ya sheria nyingi, na Lucy alikuwa mtoto mwenye haya kupita kiasi. Sehemu kubwa ya elimu yake ya utotoni aliipata nyumbani, kwa kusoma vitabu vya maktaba ya baba yake.

Kisha baba akaugua kifua kikuu.

Siku hizi mgonjwa wa kifua kikuu anapimwa makohozi, anaanzishiwa dawa, na akizimaliza kama alivyoelekezwa, kwa kawaida anapona. Wakati ule bakteria wa ugonjwa huo alikuwa amegunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, lakini dawa ya kumuua haikuwapo. Ilichukua zaidi ya miaka 60 mpaka streptomaisini ilipopatikana. Tiba iliyokuwapo ilikuwa mapumziko, chakula kizuri na hewa kavu, na aliyekuwa na uwezo alihama kuifuata hewa hiyo. Mwaka 1893 familia ya Sprague ikahamia California, na binti huyu wa miaka 15 akawa mmoja wa wauguzi wa baba yake.

Waliowahi kumuuguza mzazi nyumbani wanajua kazi hiyo inavyomfunza mtu. Unajifunza kusikia kikohozi ukiwa chumba cha pili na kujua kama ni kile cha kawaida au kimebadilika. Unajifunza kusoma uso. Hakuna anayekupa cheti kwa hilo, na wasichana wengi kwenye familia zetu wanalo tayari kabla hawajamaliza kidato cha nne.

Aliyemtoa pale ni mwanamke mwingine, Alice Freeman Palmer, mwalimu maarufu aliyewahi kuwa mkuu wa chuo cha wanawake cha Wellesley. Yeye na mumewe, profesa wa falsafa pale Harvard, walimchukua Lucy akae kwao ili asome Radcliffe, chuo cha wanawake kilichokuwa pembeni mwa Harvard. Alihitimu mwaka 1900. Miaka sita baadaye alikuwa mlezi mkuu wa kwanza wa wanafunzi wa kike katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mahali ambapo wanawake walisoma lakini karibu walimu wote walikuwa wanaume.

Hapo Berkeley kuna jambo lilimkera. Wasichana wengi waliokuwa wanasoma walikuwa na njia moja tu mbele yao, nayo ni ualimu. Hawakuuchagua kwa kuupenda. Ulikuwa mlango pekee uliokuwa wazi. Nilipolisoma hili nilitabasamu kidogo, kwa sababu hata kwetu kuna walioingia ualimu kwa sababu matokeo hayakuwapeleka walikotaka, na husema wazi. Lucy alitaka kujua kama kuna kazi nyingine mwanamke anaweza kuifanya, basi akaenda New York kwa miezi michache, akawa kama mwanagenzi wa wanawake waliokuwa wanaendesha shughuli kubwa za jamii.

Muuguzi aliyeingia shuleni

Mmoja wa wanawake hao alikuwa Lillian Wald. Huyu alikuwa muuguzi, na kituo chake kilikuwa Henry Street, katikati ya mitaa ya wahamiaji maskini ambako familia nzima iliishi chumba kimoja. Kisa cha Wald kinanigusa kwa sababu ya kazi yangu, hivyo mnivumilie nikieleze.

Wakati huo madaktari walikuwa wanapita kwenye shule za New York kukagua watoto. Mwenye trakoma, mwenye mapunye, mwenye chawa, alirudishwa nyumbani ili asiwaambukize wenzake. Basi. Hakuna aliyemtibu. Mama alikuwa hajui kilichoandikwa kwenye karatasi au hana fedha, na mtoto aliendelea kucheza barabarani na wenzake walewale hadi jioni. Mwaka 1902, kwa juhudi za Wald, muuguzi aitwaye Lina Rogers alipangiwa shule 4. Aliwasafisha na kuwafunga vidonda palepale shuleni, halafu akawafuata nyumbani kuwafundisha mama zao. Utoro wa lazima ukapungua sana, na jiji likaajiri wauguzi wengine.

Lucy alikaa na Wald, na akamfuata pia Julia Richman, mwanamke aliyekuwa msimamizi wa shule za eneo hilo. Alipomaliza ziara zake alikuwa ameamua. Hospitali inampata mtoto akishaugua, na ofisi ya ustawi inampata familia ikishavunjika. Shule inawapata wote, kila siku. Akaamua kufanya kazi ya shule. Alirudi kwenye ualimu aliokuwa akiwaonea huruma wasichana wa Berkeley, safari hii kwa hiari yake.

Mwaka 1912 aliolewa na Wesley Clair Mitchell, mchumi aliyekuja kuwa na jina kubwa nchini mwake. Walikuwa na watoto wanne, wawili wa kuasili na wawili wa kuzaa. Niseme ukweli hapa, maana kina mama wataniuliza: ndiyo, alikuwa na wasaidizi wa nyumbani na alikuwa na urithi. Haikuwa sawa na mwalimu wa kawaida anayetoka kazini kwenda kuwasha jiko.

Daftari na penseli

Mwaka 1916 binamu yake, Elizabeth Sprague Coolidge, alikubali kutoa fedha, na Lucy na wenzake wakaanzisha Ofisi ya Majaribio ya Elimu. Jina linatisha kidogo, kama watoto watafanyiwa majaribio ya dawa. Jaribio lenyewe lilikuwa kukaa kimya na kuandika kile mtoto anachofanya.

Mshirika wake mkubwa, Harriet Johnson, alikuwa amesomea uuguzi. Mwaka 1919 alifungua shule ndogo ya watoto ambao wengine hawakuwa wamefikisha hata mwaka mmoja na nusu. Kwa wakati ule wengi waliona ni kichekesho. Mtoto wa umri huo atasoma nini? Lakini Johnson na wenzake walikuwa wanataka kujua yeye anafanya nini akiachwa na vitu salama vya kuchezea na nafasi ya kutosha. Walimu walibeba daftari. Waliandika nani alipanda ngazi kwa kutambaa na nani kwa kusimama. Waliandika mtoto alifanya nini na mbao zake: alizibeba tu, alizipanga mstari, au alizijengea juu. Watoto walipimwa pia urefu na uzito na walitazamwa na daktari, na maandishi ya mwalimu na vipimo vya daktari vilihifadhiwa pamoja. Ni kadi ya kliniki iliyoongezwa kurasa.

Sehemu ya Lucy ilikuwa lugha. Alikuwa anafundisha kwenye shule ya rafiki yao, Caroline Pratt, na kuandika maneno ya watoto kama yalivyotoka, bila kuyasahihisha. Aligundua kitu ambacho bibi zetu wanakijua lakini hawakukiandika: mtoto mdogo anapenda sauti kabla ya maana. Anarudia neno kwa sababu linampa raha mdomoni. Anasimulia kwa miguu na mikono. Na anachokisimulia ni kile alichokiona, kukigusa au kukinusa leo.

Kutokana na maandishi hayo, mwaka 1921 alitoa kitabu cha hadithi za watoto. Ndani hamkuwa na majini wala wafalme. Kulikuwa na mambo ya mjini na nyumbani, treni, boti, mtoto anayeamka na kuvaa. Alisema mtoto mdogo sana hajajua bado dunia ya kawaida ikoje, hivyo ukimpa ya kichawi mapema hana pa kuisimamisha. Wakutubi wa watoto wa New York hawakufurahi. Waliona anawanyima watoto ndoto.

Kwa maoni yangu wote walikuwa na haki kiasi. Mimi nimelelewa na Sungura na Fisi, na sikumbuki Sungura akinichanganya. Ila pia nimewaona watoto wa miaka mitatu wa mjini wanaotaja wanyama 10 wa kwenye kitabu cha rangi kutoka ng'ambo, halafu hawajui maji ya bombani kwao yanatoka wapi, wala chapati imetengenezwa na nini. Lucy angesema anzeni na chapati.

Chuo ndani ya jengo la hamira

Mwaka 1930 walihamia namba 69 mtaa wa Bank, kwenye jengo lililokuwa la kampuni ya hamira ya Fleischmann. Hapo ndipo kilipoanzishwa chuo cha kuandaa walimu, kwa kushirikiana na shule kadhaa ndogo zilizokuwa zinajaribu njia mpya. Wanafunzi walikuwa wachache, wengi wao wameshahitimu chuo kikuu. Lucy hakuwa mkuu wa kukaa ofisini. Alifundisha mwenyewe, hasa lugha ya watoto na jiografia.

Ratiba yake ndiyo iliyonishangaza zaidi. Tangu Jumatatu hadi Alhamisi mwanachuo alikuwa darasani na watoto, kwenye shule aliyopangiwa, akimsaidia mwalimu. Alhamisi jioni alirudi Bank Street, akakaa hadi Jumamosi kwenye masomo na mijadala. Yaani nadharia ilipangwa kuzunguka watoto. Ukisikia Ijumaa kwamba mtoto wa miaka minne hawezi kukaa kimya nusu saa, hukuhitaji kuiandika ili uikariri kwa mtihani. Ulikuwa umeishuhudia Jumanne.

Kila kikundi kidogo cha wanachuo kilikuwa na mshauri wake. Mshauri huyo alikwenda kuwaona wakiwa na watoto, kisha akakaa na mmoja mmoja, halafu wote pamoja, kuzungumza. Swali halikuwa tu somo lilikwendaje. Mtoto yule aliyekuwa dirishani alikuwa anafanya nini? Kwa nini ulimkatiza? Wewe mwenyewe ulikuwa na hofu gani? Walifinyanga udongo, walichora, walicheza ngoma, kwa sababu Lucy aliamini mtu mzima aliyesahau jinsi ya kutengeneza kitu kwa mikono yake hawezi kumwelewa anayekitengeneza kwa mara ya kwanza.

Linganisha na kumbukumbu yangu. Nikiwa shule ya msingi, walimu wa mazoezi walikuja kwetu kwa wiki chache. Tuliwapenda sana, walikuwa vijana, wana zana za manila zenye rangi, na hawakuwa wepesi wa fimbo. Lakini siku msimamizi wao anapokuja kukaa nyuma ya darasa tuliandaliwa. Wote mnyooshe mikono. Anayejua jibu anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Msimamizi alijaza fomu yake, mwalimu wetu akapata alama zake, na sisi wa mkono wa kushoto tukabaki wa mkono wa kushoto. Simlaumu yule kijana. Alikuwa anapimwa kwa jinsi somo linavyoonekana, na alifanya lile lililompa alama.

Kuna jambo jingine Bank Street walilifanya ambalo vyuo vichache vingethubutu. Tangu mwaka 1935 Lucy aliwachukua wanachuo kwenye safari ndefu kwa basi. Wengi walikuwa vijana wa familia zenye uwezo. Akawapeleka hadi West Virginia, kwenye migodi ya makaa ya mawe, wakaona wachimbaji wanavyofanya kazi na nyumba walizokaa na watoto wao. Miaka mingine walikwenda kutazama mabwawa makubwa ya umeme yaliyokuwa yanajengwa bonde la Tennessee. Kwake hiyo ilikuwa jiografia. Mwalimu asiyejua mkate wa mtoto unatoka kwenye kazi ya nani, atamfundisha nini kuhusu dunia?

Si kila aliyepita pale alikuwa mwalimu mzuri. Margaret Wise Brown alikuja mwaka 1935 kusomea ualimu, na darasani hakung'ara. Lucy alipoona jinsi anavyoandika na anavyosikia sauti za watoto, akamvuta kwenye uandishi. Baadaye kilianzishwa kikundi cha waandishi hapohapo chuoni, wakiwasomea watoto kazi zao na kuzirekebisha kwa jinsi watoto walivyozipokea. Mwaka 1947 Brown alitoa Goodnight Moon, kitabu kifupi cha kumlaza mtoto ambacho hadi leo kinasomwa usiku kwenye nyumba nyingi duniani. Ni chumba tu, na vitu vilivyomo, vinaagwa kimoja kimoja.

Swali la darasa lililojaa

Najua unachofikiri, kwa sababu nami nilikifikiri. Haya yote ni mazuri kwa shule ndogo za wenye nacho. Mwalimu mwenye watoto 12 anaweza kuandika daftari. Mwalimu mwenye watoto 80 kwenye chumba kimoja, wanaokaa watatu watatu, atamtazama nani?

Lucy aliulizwa hivyohivyo. Mwaka 1943, akiwa na miaka 65, umri ambao wengi wanadai mafao, bodi ya elimu ya jiji la New York iliwaomba Bank Street wafanye warsha na walimu wa shule za serikali. Walianza Harlem, mtaa wa Wamarekani weusi uliokuwa na madarasa yaliyosongamana na majengo yaliyochoka. Watu wa Bank Street waliingia madarasani kuwasaidia walimu waliokuwa tayari kazini, na kuandaa masomo yanayoanzia pale watoto wanapoishi. Lucy aliiandikia kazi hiyo kitabu mwaka 1950. Hakudai kwamba warsha inaongeza madawati.

Mwaka huohuo, 1950, mamlaka ya jimbo la New York iliitambua rasmi Bank Street kuwa chuo chenye haki ya kutoa shahada. Ilikuwa imewachukua miaka 20 kutoka jengo la hamira. Mumewe alikuwa amefariki mwaka 1948, na mwaka 1953 Lucy alitoa kitabu juu ya maisha yao wawili. Baadaye alirudi California, jimbo alilolijua kwanza kama mahali pa kumuuguza baba.

Mwaka 1965, akiwa bado hai, serikali ya Marekani ilianzisha Head Start, mpango wa watoto wa familia maskini kabla hawajaanza shule. Watu wa Bank Street walikuwa miongoni mwa waliosaidia kuupanga. Chakula kilikuwa ndani ya mpango huo, uchunguzi wa afya ulikuwa ndani, na wazazi walikaribishwa darasani. Ukiwa umefuatana na Lucy tangu kwa Lillian Wald, hilo halikushangazi.

Sasa nirudi kwenye madarasa yetu. Katika kukusanya habari za afya nimekutana zaidi ya mara moja na mtoto aliyeitwa mvivu mpaka alipopimwa macho. Mwingine aliitwa mkaidi, kumbe sikio lilikuwa linatoa usaha kwa miezi na alisikia nusu ya kila anachoambiwa. Mwingine husinzia saa tano kila siku kwa sababu hajala tangu jana usiku. Hao wote wanaonekana kwa macho, bila mashine. Dalili ni ndogo. Anakodoa macho kuangalia ubao, au ananakili kutoka kwa jirani na si ubaoni. Anageuza kichwa upande mmoja unapomwita. Anajibu swali ambalo hukuuliza. Ukiona hayo mpeleke kituo cha afya, usisubiri likizo.

Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumwandikia kila mtoto daftari, na kumdai hivyo ni kumwonea. Anachoweza, kama alifunzwa, ni kuchagua watoto wawili watatu kila wiki na kuwatazama kwa makusudi. Na mzazi unaweza kumpunguzia kazi kwa kumwambia unachokijua. Mtoto wako alizaliwa kabla ya wakati? Aliwahi kupata degedege? Amehama nyumba juzi, au bibi yake amefariki? Wazazi wengi tunapeleka ada, sare na reki ya madaftari, lakini taarifa za mtoto tunabaki nazo.

Nasema "tunapeleka" na mimi bado sijajaliwa mtoto. Nina wapwa wawili. Muhula uliopita dada yangu aliniomba nikachukue ripoti ya mdogo, anayesoma awali, kwa kuwa yeye alikuwa zamu. Nilimkuta mwalimu wake nje ya darasa, amezungukwa na wazazi wanaouliza namba moja: wa ngapi, ameshuka, amepanda, kwa nini wa jirani anasoma na wangu bado.

Zamu yangu ilipofika nikamuuliza, "Samahani mwalimu, huwa anacheza na nani?"

Aliniangalia kama vile nimekosea mlango. Kisha akaiweka ripoti mezani. Akaniambia mpwa wangu huwa hachezi na wavulana wakubwa wa mpira, anakaa na binti mmoja chini ya mwembe na wanapika kwa vifuniko vya soda, na binti huyo asipokuja yeye huzunguka peke yake hadi kengele ilie. Akaniambia amegundua kwamba akiimba, mtoto anaimba maneno yote, lakini akiulizwa ananyamaza. Akasema wiki ya mvua alikuwa analia asubuhi, akauliza, "Huko nyumbani kuna mtu alikuwa anaumwa?"

Alikuwepo. Bwana shemeji alikuwa amelazwa siku tisa, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kumwambia mwalimu.